Kibanda cha Figili na Kibali cha Sola

Shangazi Yap,

Nakusoma kila Jumamosi huku nikinywa uji, na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, nikajiuliza hawa watu wanapata wapi nafasi ya kujitia matatani namna hii, basi leo nicheke na mimi, zamu yangu imefika, ila ukishamaliza kucheka naomba uniokoe, kwa sababu mtaani kwetu kuna vikongwe wawili hawasemezani, na aliyewagombanisha ni mimi, na hakuna anayejua hilo isipokuwa mume wangu Jui-hsiang, naye amekimbilia shambani kwenye mipapai yake na anarudi usiku kulala tu.

Naishi na mama mkwe hapa mjini Pingtung, huku kusini kwenye joto, kwenye nyumba ya ghorofa tatu aliyoijenga marehemu baba mkwe na ambayo sasa iko kwa jina la Mama. Mama ana miaka themanini na moja, anapanda ngazi kunishinda, hajawahi kunitolea neno chafu tangu niolewe, na ana adui mmoja tu hapa duniani, naye ni kiyoyozi. Kimo chumbani mwake, tulimnunulia sisi, na amekitandikia kitambaa kizuri cha maua kama mtu anayefunika maiti. Anasema mashine ile inakula umeme kama nguruwe anayenenepeshwa kwa sikukuu. Mwaka jana mwezi wa nane nilirudi adhuhuri kutoka dukani nikamkuta amekaa kwenye ngazi, midomo imemkauka, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Tulimkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu, na daktari akatuambia tumebahatika kumkuta, siku nyingine huenda tusimkute. Alivyorudi nyumbani jambo la kwanza alilofanya ni kuificha rimoti ya kiyoyozi kwenye ndoo ya mchele.

Ndipo nikapata wazo la sola, Shangazi, na naomba uamini kwamba wazo lilikuwa zuri. Majirani zetu, Mzee Lai na mkewe, waliwekewa paneli mwaka jana juu ya ghorofa yao ya nne, nikasema umeme ukitoka juani Mama atakosa la kusema, maana jua halimdai mtu. Nikamwita Fundi Ku, mtu mpole mwenye kofia pana kama sinia, akapanda paani, akakaa huko kitambo, akashuka anajifuta jasho.

"Dada, paa zuri, jua lipo," akasema. "Ila kile kibanda kina kibali?"

"Kibanda kipi?"

"Kile kilichoshika nusu ya paa."

"Fundi, kile si kibanda," nikamwambia. "Kile ni mama mkwe."

Baba mkwe alikijenga kwa mabati zamani, hakuna aliyeomba kibali, na ukisimama juu ukatazama mtaa wetu utaona nusu ya mapaa yana vibanda kama kile. Ndani mna mitungi ya figili. Kila majira ya baridi Mama na Bi Lai wanakata figili, wanazitia chumvi, wanazianika paani, kisha wanazishindilia mitungini, na kuna mitungi ya nyuma kabisa ambayo figili zake zimekuwa nyeusi kama lami na zina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Mwanamke akijifungua mtaani hupelekewa kipande cha figili hiyo nyeusi kichemshwe na kuku. Mimi nilipelekewa. Nusu ya mitungi ni ya Bi Lai, kwa sababu paa lao lina paneli sasa, na hata kabla ya paneli alikuwa anasema paa la shoga yake lina upepo mzuri zaidi.

Fundi Ku akanieleza kwamba ofisi ya ujenzi inataka picha za paa na muhuri wa mhandisi, na ombi halipiti kama juu kuna jengo lisilo halali. Kibomolewe au kiombewe kibali chake, na kwa ukubwa ule, akasema, kibali sahau. Usiku tukiwa mezani nikajikaza.

"Mama, kile kibanda cha juu."

"Kimefanya nini?"

"Hakina kibali."

"Na mimi ninacho? Nimezaliwa jikoni kwa bibi yangu, hakuna aliyeandika popote, na nipo." Akanipakulia kipande cha samaki. "Nikifa mtakibomoa. Subirini kidogo, sichelewi."

Mume wangu akatazama supu yake kama vile imeandikwa kitu.

Basi mwezi wa tatu Mama na Bi Lai wakaenda na basi la hekalu, ziara yao ya kila mwaka kaskazini, na mimi nikachukua pikipiki nikaenda ofisini, kuuliza tu, naapa nilikwenda kuuliza tu. Nikapokewa na karani, binti mwenye adabu nyingi, akanimiminia maji, akaniuliza, "Anwani, mama?" nikatoa. "Una picha ya hicho kibanda?" nikatoa simu. "Nikuchapie, usihangaike?" nikasema asante. Shangazi, nilisema asante, tena nikainama.

Mama alikuwa amesharudi ziarani wakati wanaume wawili wa ofisi walipokuja, wakapanda, wakapima, wakabandika ilani mlangoni kwamba mwenye nyumba akiondoe kibanda kabla mwezi wa sita haujaisha, la sivyo watakiondoa wao kwa gharama yake. Mama alinitaka nimsomee kwa sauti, kisha nimsomee tena. Halafu akauliza polepole, "Nani anaona paa letu?" Hilo si swali gumu, paa letu linaonekana kutoka ghorofa ya nne ya kina Lai, basi. Na kina Lai walipata kibali mwaka jana, wanawajua watu wa ofisi kwa majina. "Nilimwambia akae chini ya bati langu," Mama akasema, "naye amekwenda kulisemea."

Nilifungua mdomo kumwambia, nakuapia niliufungua, lakini lililotoka ni, "Labda, Mama."

Labda. Neno hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Asubuhi yake Mama akaanza kuishusha mitungi ya Bi Lai. Sikuweza kumwacha mzee wa miaka ile abebe mitungi ngazi zote zile, kwa hiyo nikabeba mimi, Shangazi, mimi mwenyewe, tukaipanga kwenye geti la kina Lai mmoja baada ya mwingine. Bi Lai akatoka nywele zikiwa bado zimelowa, akamwita Mama kwa jina lake.

"Kiuk-moi, hii nini?"

"Ya kwako."

"Najua ni ya kwangu. Nauliza imefuata nini hapa."

"Isije ikabomolewa pamoja na ya kwangu."

Bi Lai alicheka, akadhani ni mzaha wao wa siku zote, kisha akanitazama mimi, nikatazama mitungi, akaacha kucheka. Tangu siku hiyo Mama anakwenda hekaluni kwa kichochoro cha nyuma ili asipite getini kwao. Wiki iliyopita Bi Lai alinishika mkono wa shati sokoni, akaniuliza, "Mwanangu, mama yako nimemkosea nini? Kama ni habari ya ofisi, mimi hata simu ya kuagiza gesi anapiga mume wangu." Nikamwambia, "Ni joto tu, Bi Lai, joto linamchosha." Siku yenyewe mvua ilikuwa inanyesha.

Na sasa sikia la mwisho. Mama amehamia kwenye kibanda. Anapanda baada ya chakula cha asubuhi, anakaa kwenye kigoda katikati ya mitungi yake, analinda, chini ya bati, mchana wa mwezi wa tano. Mimi niliyetaka kumtoa kwenye joto ndiye niliyempandisha kwenye tanuri. Nikimpelekea maji anapokea, anasema asante, na ile asante inanichoma.

Jui-hsiang anasema tunyamaze, wazee husahau. Fundi Ku anasema yuko tayari kubeba lawama, aseme yeye ndiye aliyekwenda ofisini, "mimi nichukiwe tu, dada, nimezoea, bora kazi nipewe." Naomba unishauri, nimwachie fundi abebe? Au niiandikie ofisi wafute ilani, niseme nilikosea nyumba? Na kama ombi bado lina matumaini, nimesikia paneli nyeusi zinapita haraka kuliko za bluu, ni kweli?

Mimi,
Mkwe Asiyelala


Shangazi Yap anajibu:

Mkwe Asiyelala,

Kucheka nimecheka, kwa kuwa umeniruhusu. Nilicheka kwa samaki, nikacheka kwa karani, nikafika kwenye mitungi nikaweka chai chini.

Wewe umeniuliza kuhusu fundi, kuhusu ilani, kuhusu rangi ya paneli. Rangi, mwanangu. Nyumba inaungua, wewe unauliza mapazia yashonwe kwa uzi gani. Swali lenyewe hukuliuliza hata kidogo kwa sababu jibu lake unalo, na hulipendi. Nami silipendi kwa niaba yako, lakini halibadiliki.

Kwanza nikuondolee mzigo usio wako. Kumwendea karani na kuuliza si dhambi. Kutoa picha si dhambi, ni ushamba, na ushamba husameheka. Wala binti wa watu hakukosa kitu, alifanya kazi yake akakupa na maji. Hata kutaka sola si kosa, ulitaka mzee apoe, na ningekuwa mama mkwe wako ningekubusu kisha nikakuficha rimoti vilevile. Kosa lako lina herufi tano, nawe mwenyewe umelitaja. Mtu alikuuliza nani kanisemea, ukamkabidhi rafiki yake. Halafu ukabeba mitungi. Mgongo ulikuwa na nguvu za kubeba mitungi ngazi zote zile, ulimi ukashindwa kubeba neno moja.

Fundi Ku ni mtu mwema na usimguse. Akibeba lawama yako leo, kesho mama mkwe wako hatakubali akanyage ngazi zake, na paneli utazifunga wewe na mumeo wa mipapai. Na kuiambia ofisi ulikosea nyumba, wakati wameshapima bati kwa mkono wao, hilo hata usiliandike, mimi nimejifanya sikulisoma.

Kuhusu mumeo kusema wazee husahau. Wazee husahau walikoweka miwani. Shoga wa maisha yake aliyemrudishia mitungi getini hatamsahau mpaka anaingia kaburini, na kwa joto unalonieleza, kaburini huko hakuko mbali.

Sasa nisikilize, na usinikatize.

Mchana wa leo, siyo jioni mkiwa mezani ambapo mumeo ataficha uso kwenye supu, panda paani. Kaa naye humo humo kwenye kibanda, upate joto analopata yeye. Mwambie ni wewe. Usianze na daktari wala dripu wala nia yako njema, nia njema inakuja mwisho kama ataiuliza. Anza na "si Bi Lai, ni mimi," kisha funga mdomo. Atakalosema lipokee. Akikutukana, una bahati. Asipokutukana, vumilia, hiyo ndiyo bei kubwa zaidi. Usimwombe asikasirike, hasira ni haki yake na ameshaipoteza kwa mtu asiyestahili.

Akishajua, usimtume mtu kwenda kwa Bi Lai. Yeye ataamua anakwendaje. Wewe kazi yako ni kurudisha mitungi juu, au popote wazee watakapotaka ikae, kwa mgongo ule ule.

Sasa kibali, maana najua umeruka mistari ukaja hapa. Mwanangu, umesema nyumba iko kwa jina la Mama. Ulipanga kuomba kibali cha paa la mtu bila muhuri wake wa jina, ule unaosimama badala ya saini? Au muhuri nao ulitaka kuutafuta kwenye ndoo ya mchele? Kabla ya ofisi ya ujenzi kuna ofisi nyingine hapo nyumbani, kile chumba chenye kiyoyozi, na hiyo uliipita mbio. Hata ungepewa paneli bure na rangi uipendayo, mwenye paa asingegonga muhuri ungebaki nazo sebuleni.

Nimempigia simu mhandisi mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, zamani nilipokuwa mlezi wa bweni, na alikuwa mtundu kwa hiyo ananiogopa na hanidanganyi. Anasema bati lile halitapona, msidanganyane. Lakini paneli si lazima zilale juu ya sakafu ya paa. Zinaweza kusimama juu ya nguzo ndefu za chuma, kama banda lisilo na kuta, na mtu akapita chini yake amesimama wima. Kuta ndizo zinazoleta matata. Ukiacha pembeni wazi na usizidishe urefu wanaouruhusu, ombi lina njia. Chini yake mna kivuli na upepo, kigoda kinakaa, na ukingo wa upande wa jua unabaki kwa figili. Figili zinataka jua na paneli zinataka jua, mtagawana paa kama watu wazima. Mitungi ipate pahali pa kudumu ndani ya nyumba, chini ya ngazi panafaa, pana giza na hapafiki mvua.

Mwende ofisini kabla ilani haijaisha, mwenye nyumba aombe mwenyewe kuongezewa muda, kwa mdomo wake na muhuri wake. Wakiona mtu anakuja kwa hiari, amebeba na mchoro wa mhandisi, hawana haraka ya kutuma nyundo. Mwache Mama aulize maswali yake yote. Wewe kaa kiti cha nyuma ushike mwavuli.

Na mumeo mtoe shambani. Papai haliivi haraka kwa kutazamwa.

Shangazi Yap


Wasomaji, jibu hilo nililipeleka kwa posta kwanza, maana ilani ilikuwa haingoji gazeti. Majina nimeyabadilisha, ingawa mtaa wao wote utajijua. Hii hapa barua iliyonirudia mwezi wa nane, nayo nimepewa ruhusa kuichapa.


Shangazi Yap,

Nilipanda siku ile ile barua yako ilipofika, kwa sababu nilijijua, ningelala nayo nisingepanda tena. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anajipepea na kipande cha katoni. Nikakaa chini sakafuni, sakafu inaunguza.

"Mama, si Bi Lai. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyekwenda ofisini. Picha niliwapa mimi."

Katoni ikasimama. Alinitazama muda, si kwa ukali, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipokuona. "Na mitungi ukabeba," akasema.

"Nikabeba."

"Yote."

"Yote, Mama."

Hakunitukana, ulinionya. Aliinuka, akashuka polepole ameshika ukuta, akachana nywele, akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kwa kina Lai kwa njia ya mbele. Nikamfuata kwa nyuma kwa kuogopa ataanguka. Bi Lai alikuwa anamwagilia maua, hakuinua kichwa.

"Umekuja kuchukua mitungi au kunisusia tena?"

"Mitungi," Mama akasema. "Ya kususa nilikosea mlango."

Bi Lai akaendelea kumwagilia ua lile lile mpaka maji yakafurika kwenye sahani ya chini. "Mwaka jana niliweka paneli ukanisaidia kumpikia fundi," akasema. "Ukafikiri mtu aliyekula nawe jiko moja atakwenda kusema bati lako?"

"Nilifikiri."

"Siku zote hizi."

"Siku zote. Nilikuwa nakaa kule juu nafikiri."

Nilimwona Mama anatetemeka kidevu. Bi Lai naye akamwona, akafunga bomba. "Ingia ndani kuna kivuli," akasema, "na huyo wako asimame hapo hapo kidogo." Nikasimama nje ya geti mpaka miguu ikafa ganzi, nikiwasikia ndani wanapigiana kelele, kisha wananong'ona, kisha mtu anavunja mbegu za tikiti kwa meno.

Nyumbani Mama hakunisemesha. Jui-hsiang alirudishwa kutoka shambani, siyo na mimi bali na Mama, awe mkalimani. "Mwambie mkeo supu ina chumvi." Mimi niko mbele yake, nimeshika mwiko. Naye mume wangu ananigeukia kwa uso mzito kama balozi: "Mama anasema supu ina chumvi." Siku nyingine nilitamani kucheka na siku nyingine nililia bafuni.

Ofisini walikwenda vikongwe wote wawili, nami nikashika mwavuli kama ulivyosema. Mama akamwendea karani yule yule. "Binti, wewe ndiye uliyechapa picha za paa langu?"

"Ndiyo, bibi."

"Zilitoka vizuri?"

Maskini akashindwa kujua acheke au aombe radhi, akaenda kuleta maji. Wakakaa naye mpaka karibu na saa ya chakula. Bi Lai ndiye aliyeuliza habari za nguzo na urefu, kwa sababu yeye ameshapitia, na Mama akauliza kila kitu mara ya pili ili asikie kama jibu litabadilika. Halikubadilika. Wakaongezewa muda. Mama akagonga muhuri wake mwenyewe, akaukandamiza kama anaua mbu.

Kibanda kilibomolewa na Fundi Ku na Jui-hsiang. Mama alisimama anawaelekeza bati lipi bado zima, lipi la kutupa. Walipofika kwenye fremu ya mlango, ambayo baba mkwe aliichonga kwa mkono wake, Mama aliishika, akabaki ameishika. Fundi Ku akavua kofia yake, akawasha sigara ingawa najua havuti, akaenda kutazama mtaa upande wa pili mpaka Mama alipoiachia. Fremu hiyo sasa iko chini ya ngazi, imeegemezwa mbele ya mitungi ya wazee wote wawili, na huwezi kuchukua figili bila kupita katikati yake.

Kibali kikatoka mwezi wa saba, paneli zikapanda. Ni za bluu. Mhandisi aliniambia rangi haina maana yoyote ofisini.

Siku ya kwanza ya kuwasha, nilikuwa napiga deki nje ya chumba cha Mama. Akaniita kwa jina langu, mara ya kwanza tangu kule paani. Nikaingia. Alikuwa amekaa kitandani, kitambaa cha maua amekikunja mapajani.

"Ulikuwa unatafuta nini hasa?" akaniuliza. "Kwenda ofisini nikiwa sipo. Umeme tu?"

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema, "Niliogopa utanifia, Mama."

Akapapasa kitambaa, akakinyoosha mikunjo.

"Ungelisema hilo mwezi wa tatu," akasema, "tungebishana nalo hilo." Kisha akasogea kitandani, akanipa nafasi. "Haya, washa. Na mlango ufunge, ubaridi usitoke kwenda kuwapoza wa mtaani."

Tukakaa humo mpaka jua likapinda.

Mkwe Asiyelala, siku hizi analala


Shangazi Yap anajibu:

Mwanangu, nimefurahi. Nimeisoma mara mbili na sikukuta pa kukukaripia mpaka niliposoma mara ya tatu.

Ulisimama nje ya geti mpaka miguu ikafa ganzi, umeandika. Kisha ukabeba mwavuli, ukaenda ofisini pamoja na Bi Lai, ukamsikiliza anawatafutia njia ya kibali chenu. Nimetafuta mahali ulipomwomba radhi mwanamke huyo, nimepindua karatasi nikatazama na nyuma, sijapaona. Mama mkwe wako aliomba ya kwake. Ya kwako haiombewi na mtu, na hata kama Bi Lai anakuchekea vizuri mkikutana, haina maana ameshaipokea, ina maana amelelewa.

Nenda leo. Usiende na zawadi, zawadi inampa mtu kazi ya kushukuru. Usiende na Mama. Ukifika, liseme lenyewe kwa jina lake, kwamba uliulizwa ni nani na ukamwacha abaki yeye, kisha ungoje. Kama atakukaribisha ndani, kaa. Kama atakuachia hapo hapo getini, safari hii unajua umesimama kwa sababu gani.

Gazeti utalimalizia ukirudi.

Shangazi Yap